Hodi ya Tatu

Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, na hakuna aliyeitilia maanani. Sitara alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, akainua kichwa na kusema, "Karibu." Binti yake Shamsa, aliyekuwa chumba cha ndani na mtoto mchanga, akauliza nani amekuja. Sitara akabaki na punje za mchele kiganjani, akiutazama mlango. Ndipo miguu ilipoanza kusikika ngazini, kidato baada ya kidato, na sauti ya jirani wa chini ikaita mlangoni, "Hodi humu ndani."

Alikuwa Champaben, mwenye duka la mapazia pale chini, mjane kama Sitara ila wa miaka mingi zaidi. Alikuwa amemletea mzazi bakuli la choroko. Akaketi, akapumua, akasema magoti yake yameanza kuidai nyumba hii lifti. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa amekaribishwa kabla hajafika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, imebanwa katikati ya maghorofa mapya ya Kariakoo, upande ule unaoshukia Gerezani. Ngazi yake ilikuwa na vidato kumi na saba. Sitara alijua idadi hiyo kwa sababu mumewe Mbaruku alikuwa akivihesabu kwa sauti kila alipopandisha mzigo, mtungi wa gesi au gunia la mkaa, na kila alipofika juu alimshukuru Mungu kama mtu aliyetoka safari.

Mbaruku alikuwa fundi wa rejeta za magari kule Gerezani. Sasa alikuwa na siku ishirini na tano kaburini. Siku ya kumi na mbili baada ya maziko yake Shamsa alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la babu yake. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na wanawake wawili wasiotoka nje: mama ndani ya eda, binti ndani ya arobaini. Manukato hayakuwamo, maana mwenye eda hajifukizi wala hajipaki. Nyumba ilinuka maziwa, sabuni ya kufulia na chai.

Sitara alikuwa hajalia. Waliokuja kumpa pole walimsifu kwa subira, na yeye aliwaitikia kwa heshima. Lakini alijua kwamba ile haikuwa subira. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, na hausikii kitu.

Jambo lile likajirudia. Alisema "Karibu" na mkwewe Hamis akapiga hodi, ametoka Buguruni na nepi mfukoni. Alisema "Karibu" na wanawake wa msikitini wakafika. Wiki ya pili Champaben akaligundua, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama Shamsa, umefunga kamera ngazini? Mimi nipo kidato cha tano, natafuta pumzi, wewe ushanikaribisha."

Walicheka wote. Mmoja wa wanawake wa msikitini, waliokuwa wameketi humo, akasema ni karama, Mungu humfungulia mja mwenye subira. Sitara akakataa. Alieleza kwamba ameishi nyumba hii miaka thelathini na moja, na mtu akikaa mahali muda huo mwili wake husikia mambo ambayo yeye mwenyewe hajayasikia. Labda bamba la chini hulia. Labda hewa ya ngazini hubadilika. Mwili unajua, mdomo unatangulia, akili inafika mwisho.

Maelezo hayo yaliwatosha wote, na yeye mwenyewe yalimtosha, mpaka Alhamisi moja baada ya adhuhuri.

Ilikuwa saa ile ambayo jua limesimama utosini na Kariakoo inapiga kelele zake zote kwa pamoja. Vipaza sauti vya wauza nguo vilikuwa vikirudia maneno yaleyale, wasukuma mikokoteni wakiomba njia, mabasi ya mwendokasi yakipiga honi kule barabarani. Sitara alikuwa akikunja nguo za mtoto. Mdomo wake ukasema, "Karibu."

Akangoja miguu. Haikuja.

Akangoja hodi. Haikuja.

Akainuka, akafungua mlango. Ngazi ilikuwa tupu mpaka chini, na kule chini mwanga wa mtaa, na mgongo wa kiti anachokalia Champaben mbele ya duka lake. Harufu ilikuwa inapanda. Harufu ya lehemu ya moto na maji yenye kutu, ile harufu ambayo Mbaruku alikuwa akirudi nayo kwenye nguo kila jioni kwa miaka thelathini na moja.

Akataka kuufunga mlango. Kabla hajaufunga, mwili wake ukajibanza ukutani. Ulijibanza kama mtu anavyojibanza kwenye kilango chembamba ili kumpisha mwenzake apite. Yeye hakuuambia ufanye hivyo. Alisimama hivyo kitambo, mgongo umegusa chokaa, kisha akafunga mlango na kurudi kwenye nguo za mtoto.

Hakumwambia mtu. Hofu yenyewe ilikuwa mbali, kama habari ya mji mwingine.

Tangu siku hiyo harufu haikutoka ukumbini. Kila adhuhuri ilikuwa ikikolea, na ndani yake mlikuwa na pumzi, pumzi za mtu aliyepanda ngazi na kitu kizito. Shamsa aliisikia harufu kabla ya pumzi. Aliuliza kwa sauti ndogo, kutoka nyuma ya pazia la chumba chake, "Mama, si tulizitoa sadaka nguo za kazi za baba?"

"Tulizitoa zote."

"Basi ni nini hicho kinachonuka?"

Sitara akasema ni mafundi wa mtaa wa pili. Shamsa akamgeukia mtoto. Baadaye akasema mtoto ameanza kuangalia ukumbini, na haangalii kama watoto wachanga wanavyoangalia, macho yakielea. Anaangalia mahali pamoja.

Jumatatu iliyofuata, saa ileile, Sitara alikuwa sebuleni akivuta tasbihi. Alikuwa katikati ya jina la Mungu mdomo wake ulipoliacha na kusema, wazi kabisa, "Karibu ndani."

Kiti cha Mbaruku kilikuwa karibu na dirisha, na tangu msiba hakuna aliyekikalia. Kitambaa chake kikabonyea katikati, polepole, na mbao zikalia mara moja, kama zilivyokuwa zikilia. Harufu ikaja yote sebuleni. Na nyuma ya pazia mtoto akaliachia ziwa la mama yake, na hakulishika tena.

Siku hiyo hakunyonya. Siku ya pili alinyweshwa kwa kijiko akatema. Hamis alimpeleka kliniki. Wakamtazama koo, masikio na tumbo, hawakuona homa wala jeraha, wakasema arudishwe kama hali itaendelea. Alikuwa hata halii. Alilala macho wazi, midomo mikavu, ameelekea kwenye pazia. Shamsa alikuwa akikamulia maziwa kwenye kikombe, na maziwa yakabaki kikombeni mpaka yakaganda.

Ndipo Hamis alipomleta Mwalimu Adamu.

Huyu alikuwa mwalimu wa madrasa, rafiki wa Mbaruku tangu ujana, na ndiye aliyeongoza kumwosha. Aliingia kwa Bismillahi, akaketi sebuleni, Sitara akabaki ukumbini nyuma ya mlango uliorudishwa, kama eda inavyotaka. Mwalimu alisoma tangu saa tatu asubuhi. Alisoma Ayatul Kursiyu, akasoma sura za kinga, akapulizia maji, akanyunyiza pembe nne. Kitambaa cha kiti hakikuinuka. Ilipokaribia saa tano akaacha kusoma, akafuta jasho, akakigeukia kiti.

"Mama Shamsa," alisema mwishowe, "huyu hakuvunja mlango. Huyu amekaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba hatolewi na mtu wa kando."

Sitara akamsimulia mara zote mbili mdomo wake ulipokaribisha, Alhamisi na Jumatatu, akamwambia hakukusudia. Mdomo ndio uliosema.

"Mdomo haufanyi kazi peke yake. Kuna jambo unalijua na umelifungia ndani, nalo linatafuta pa kutokea. Huyu mgeni amelikuta mlangoni, akapita nalo." Sauti yake ikashuka. "Ni hodi ya nani uliyoisikia ukanyamaza?"

Sitara akasema hakuna.

Mwalimu hakubishana. Alisema tu kwamba mtoto ana siku tatu bila maziwa.

Hapa lazima ielezwe desturi ya Mbaruku. Alikuwa mtu wa dini, na kwenye jambo moja alikuwa mgumu kuliko mashekhe: hakuwahi kuingia nyumba bila hodi, hata nyumba yake mwenyewe, hata alipokuwa na ufunguo mfukoni. Alisema ndani kuna mke, na mke ana sitara yake. Hodi ni tatu, alikuwa akisema, ya nne ni ubishi. Ukipiga tatu usikaribishwe, geuza. Watu wa mtaani walimtania kwamba siku moja atalala nje ya nyumba yake kwa adabu.

Na Sitara tangu usichana alikuwa na tumbo la kujua mambo. Halikumwambia kwa maneno. Lilikuwa zito tu, na baadaye sababu ikaonekana. Asubuhi ile ya mwisho, wakati wa chai, alimwambia mumewe asiende kazini kwa sababu tumbo ni zito. Champaben alikuwepo, na Hamis alikuwepo. Mbaruku akacheka, akasema, "Tumbo lako limekuwa redio, na betri zake zimekwisha." Wakacheka wote. Akaenda Gerezani.

Watu wote walijua kilichofuata: kwamba adhuhuri Champaben alimkuta ameketi kwenye kidato cha chini kabisa, kichwa kimeegemea ukuta, ameshakata roho, na kwamba juu mkewe alikuwa amelala usingizi na hakusikia kitu. Hivyo ndivyo Sitara alivyosema siku ile, na hivyo ndivyo alivyosema kila siku baada ya hapo, mpaka yeye mwenyewe akawa anaukumbuka usingizi ule, mto wake na jasho lake.

Sasa, nyuma ya mlango uliorudishwa, alilisema lile jingine. Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani, bado ana uchungu wa kuchekwa. Mbaruku alipiga hodi ya kwanza, naye akasema moyoni, acha agonge, redio haina betri. Akapiga ya pili. Ya tatu ilikuwa chini, ilitoka kooni, na tumbo lake likageuka kama jiwe, akajua. Alijua kabisa. Na akanyamaza. Mbaruku akageuza kwa adabu yake, akashuka.

Shamsa alikuwa amesimama, ameshika pazia la chumba chake.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Ukamsikia?"

"Zote tatu."

Shamsa akamtazama mama yake kwa muda. Kisha akaachia pazia likarudi mahali pake.

Mwalimu Adamu akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, akayatia kwenye kikombe. Akamwambia Sitara kwamba mgeni amekaribishwa mara mbili, na ruhusa ya tatu ataiomba mwenyewe, hapo kwenye pazia la mzazi, na ataiomba kwa sauti anayoijua. Asijibu. Ili mdomo usimtangulie, ayashike maji hayo mdomoni, asiyameze wala asiyateme, mpaka adhana ya alasiri. Wao wanaume hawatakiwi humo. Nyumba ni yake. Mwalimu mwenyewe atakuwa msikitini akisoma, Hamis atakaa dukani kwa Champaben.

"Na ikiwa ni yeye kweli, Mwalimu?"

"Marehemu harudi kupiga hodi." Akainuka. "Nilimwosha kwa mikono yangu, Mama Shamsa."

Adhuhuri ilipoadhiniwa Sitara aliswali, akatia maji mdomoni, akaketi chini mbele ya pazia la binti yake, mgongo wake ukilizuia. Nyuma yake alisikia Shamsa akimsomea mtoto kwa mnong'ono. Nje vipaza sauti vilikuwa vikirudia maneno yao. Kisha vikakoma. Havikupungua, vilikoma vyote pamoja, na mikokoteni, na honi, Kariakoo nzima, kama mtu ameifunika kwa sufuria.

Kiti kikalia.

"Hodi," sauti ilisema, na ilikuwa sauti yake ya kurudi kazini, nyepesi, ya mtu aliyebeba maembe na hataki kusema. Ulimi wa Sitara ukainuka chini ya maji wenyewe, ukagonga meno.

"Sitara, hodi," ilisema mara ya pili, na sasa ilikuwa karibu, hatua mbili, pamoja na kikohozi chake kile cha moshi wa lehemu, na harufu ikawa nzito kiasi kwamba alihisi kutu kwenye kuta za pua, na maji mdomoni yakapata joto kama chai, na akamsikia Shamsa ameacha kusoma, maana Shamsa naye aliijua sauti hiyo, ilikuwa imemlea, na Sitara akanyoosha mkono nyuma akalishika pazia kwa ngumi ili binti asije akalifungua.

Kisha ikapita kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu kama kile cha siku ile, kwa sababu mtu anayepiga hodi kwa adabu hupumzika kati ya ya pili na ya tatu ili kumpa mwenye nyumba nafasi ya kujisitiri, na Sitara aliijua nafasi hiyo, alikuwa ameikaa mara moja maishani mwake akiwa na hasira, na sasa aliikaa tena akiwa hana kitu chochote, na tumbo lake likawa zito, likageuka jiwe, likamwambia lilelile lililomwambia siku ile, kwamba mtu huyu anakufa, fungua, kwamba huyu si mgeni, ni mwenye nyumba, fungua, na mashavu yake yakawa yamejaa maji na neno, na neno lilikuwa likisukuma, na akajua kwamba akilimeza atazama nalo na akilitema litakuwa "karibu".

"Hodi," ilisema ya tatu. Ilikuwa chini. Ilitoka kooni.

Machozi yakamshuka. Yalishuka bila kwikwi, kama ya mtu mwingine aliyeazimwa macho yake. Hakujibu.

Mwili wake ukajisogeza kando kidogo, ukapisha. Kitu kikampita ubavuni, hakikugusa pazia. Miguu ikaenda ukumbini, mlango ukafunguka na kufungwa taratibu, bila kubamizwa, na miguu ikaanza kushuka ngazi. Sitara akavihesabu vidato bila kutaka. Kumi. Kumi na moja. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Akangoja cha kumi na saba.

Mtaa ukarudi na kelele zake. Aliendelea kukaa na maji mdomoni mpaka adhana ya alasiri, ndipo akainuka akayatema kwenye beseni. Yalikuwa na rangi ya kutu. Na nyuma ya pazia akasikia sauti ndogo, ya pupa, ya mtoto anayenyonya.

Mwalimu Adamu alimshukuru Mungu, akasema limekwisha. Hamis alilia waziwazi. Sitara alisimama mlangoni pake, kwenye mpaka wa eda, akamwita Champaben kutoka juu na kumuuliza nani alishuka adhuhuri.

"Hajashuka mtu," Champaben alimjibu. "Mimi na Hamis tumekaa hapa tangu saa sita, hata mbu hajashuka. Kwani mlikuwa na mgeni?"

"Hapana."

Champaben akasema basi anapanda kumwona mtoto. Akashika ukuta, akapandisha sari yake, na mguu wake, mguu wa mzee mwenye magoti mabovu, ukaliacha bamba la chini kabisa ukakanyaga moja kwa moja kidato cha pili. Alifika juu anahema. Sitara akamuuliza kwa nini amejitesa kukiruka kidato cha chini.

Champaben akageuka akatazama chini, kama mtu aliyeulizwa habari ya jana. "Sijui. Mguu umekataa tu."

Kuanzia hapo Sitara hakutangulia tena hodi ya mtu. Walipopiga, alisikia, walipokuwa bado, hakujua. Watu wakasema karama imeondoka. Yeye alikuwa akisimama mlangoni akiwatazama wanavyopanda na kushuka. Wanawake wa msikitini walikiruka kidato kile huku wanazungumza. Hamis alikiruka na ndoo mkononi, bila kuangalia. Paka wa dukani alikiruka. Hakuna aliyejua kwamba anakiruka, na Sitara hakumwambia mtu.

Shamsa hakumsemesha kwa siku sita. Siku ya arobaini ya mtoto alifunga mizigo yake ya kurudi Buguruni, akaja mbele ya mama yake, akainama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hamis akambeba mtoto, Shamsa akafuata, na Sitara akabaki juu ya ngazi kuwaangalia. Walishuka, naye akivihesabu vidato. Kidato cha kumi na sita Hamis akarefusha hatua akakanyaga sakafu, na Shamsa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Mtoto, kichwa chake begani mwa baba yake, alikuwa ametazama nyuma. Macho yake hayakuelea. Yalitazama chini, mahali pamoja, kwa kimo cha mtu aliyeketi. Akatabasamu.

Wakatoka juani. Sitara akarudi ndani, akafunga mlango, akaitazama kalenda iliyo ukutani. Eda yake ilikuwa imebakiza siku sabini na nane. Zikiisha ataoga, atavaa, atashuka ngazi kwenda kuliona kaburi, kama ilivyo desturi. Akaugusa mguu wake kwa kiganja, ule wa kulia anaotangulizia. Haukuwa na ganzi tena. Na alijua, kwa namna alivyokuwa akijua mambo zamani, kwamba mguu huo hautakiruka kidato cha chini.